Nyayo House: vile vyumba vya chini vikifunguliwa, watu waingilie mlango gani?

FundiPicha

Wadau, hamjambo.

Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Studio sina. Nina kamera, printa ndogo ya betri, mkasi na kitambaa cheupe, na kazi yangu naifanyia kando ya Nyayo House hapa Nairobi, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Huu ni mwaka wa kumi na mmoja. Mtu akiambiwa kule ndani kwamba picha zake zina kivuli au sikio moja halionekani, akitoka nje wa kwanza kukutana naye ni mimi.

Jengo lenyewe nalijua kwa nje. Najua saa ambayo kivuli chake kinanifikia na kunihamisha. Ndani sijawahi kuvuka ofisi za uhamiaji. Lakini haipiti wiki bila mtu kuniuliza, mara mwanafunzi mwenye daftari, mara mgeni mwenye mkoba mgongoni: "Vile vyumba viko wapi?" Nami huonyesha kwa kidole, chini, kwenye lami. Viko huko. Basi. Mtu anatazama viatu vyake, anapiga picha ya ukuta, anaenda zake.

Kwa wenzetu wa nje ya Kenya: jengo hili lilikamilika mwaka 1983, enzi za Rais Moi. Awali lilikuwa liitwe Nairobi House, likaishia kupewa jina la Nyayo, ile kaulimbiu yake. Chini yake kuna vyumba kumi na kitu visivyo na dirisha. Hasa mwaka 1986 na 1987, serikali ilipokuwa ikiwasaka watu iliodai ni wa kundi la siri la Mwakenya, walioletwa hapa walikuwa wahadhiri, wanafunzi, wanahabari, wakulima, wafanyabiashara. Walifungwa macho, wakapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa, kisha wakateremshwa chini. Huko chumba kilijazwa maji na mtu akakaa ndani ya maji hayo siku baada ya siku, akiwa uchi na njaa. Au akapulizwa upepo wa vumbi, mara wa moto, mara wa baridi. Wengine walitolewa huko wakapelekwa mahakamani jioni, watu wameshafunga kazi, wakakiri bila wakili na kufungwa. Na muda wote huo ghorofa za katikati zilikuwa ofisi. Watu wanajaza fomu, karani anagonga muhuri.

Februari 2003, wiki chache tu baada ya KANU, chama cha Moi, kushindwa uchaguzi, serikali mpya ilivifungua vyumba hivyo. Waliowahi kuzuiliwa humo wakaingia pamoja na wanahabari, na ahadi ikatolewa kwamba pangefanywa mahali pa kumbukumbu. Nilikuwa darasa la saba, nikaona kwa televisheni ya jirani, nimesimama dirishani kwake kwa sababu ndani pamejaa.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike leo.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, koti la sufu, kofia mkononi. Binti yake anafanya kazi Doha, amejifungua, anataka babake aende kumwona mtoto. Nikamkalisha kwenye stuli. Nilipoinua kile kitambaa cheupe nikipitishe nyuma ya kichwa chake, akakidaka. Akakikamata kwa mkono wote, hakusema neno, tukabaki tunatazamana. Nikamwambia, mzee wangu, hiki kinakaa nyuma tu, usoni hakifiki. Akakiachilia kidole kimoja kimoja, akaniomba radhi. Nikapiga. Ya kwanza amefumba macho. Ya pili amefumba. Ya tatu ndiyo ikatoka.

Nikamwelekeza mlango ulipo. Akatazama juu, akatazama chini, akaniuliza kama pasipoti haziwezi kushughulikiwa mahali pengine. Nikamtajia Mombasa, Kisumu, Eldoret, Embu. Akapiga hesabu ya nauli ya Embu palepale, akanishukuru, akaondoka kuelekea steji. Mtu wa Kangemi huyo, hapa hapa Nairobi. Mlango wa Nyayo House ulikuwa hatua thelathini kutoka stuli yangu, naye akaenda Embu.

Sikumuuliza kitu, naye hakuniambia. Huenda ana sababu nyingine kabisa. Lakini tangu siku hiyo lile swali la wageni limenigeukia. Tuseme vyumba vimefunguliwa kweli. Mtu kama yule ataingilia wapi? Kuingia jengo hili leo kuna soja, kuna kukaguliwa mifuko, unaulizwa waenda wapi. Ni ofisi ya serikali, sioni ubaya. Ila kwa kumbukumbu ya waliotiwa ndani kwa nguvu, itakuwaje umwambie mtu jieleze kwanza kwa afisa, ndipo ushuke?

Mimi naona kuwe na mlango wake wenyewe, unaofunguka moja kwa moja kutoka barabarani. Wengine wanasema ofisi zote zihame na jengo zima liwe makumbusho. Waliowahi kuona mambo haya kwingine, nielezeni yalifanywaje. Sina cheo wala kamati. Nataka tu siku moja nikiulizwa "viko wapi" nionyeshe mlango.

Kijana wa Lami

Buda, heshima kwako na kazi yako, lakini hizi habari za makumbusho zinanichosha.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa 82 vya utekaji nyara kuanzia Juni hadi Desemba 2024. Themanini na mbili! Watu wa rika langu, waliotoka nje kupinga Mswada wa Fedha. Hao hakuna aliyehitaji kuwapeleka Nyayo House. Sasa wewe ufungue chumba cha 1987, uweke taa nzuri na kibao cha shaba, waziri aje akate utepe aseme "isitokee tena", halafu jioni yake?

Makumbusho ni njia ya serikali kutuambia kwamba hayo yalikuwa ya zamani. Ndiyo maana hata ahadi ya 2003 walitoa haraka hivyo, maovu yalikuwa ya wale wengine, si yao.

Sisemi visifunguliwe. Nasema siku ya kufungua, huo mkasi wa utepe usipewe mtu wa serikali. Watumie wako.

FundiPicha

Wangu umechoka, unakata karatasi tu. Lakini nimekusikia, na hiyo 82 inanikaa. Wateja wangu wengi ni rika lako, wanatafuta pasipoti waondoke.

Msimulizi wa Mkunazini

Assalaam aleikum, ndugu yangu mpiga picha.

Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, Unguja. Kituo ambacho hakikosi ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Kanisa la Anglikana limejengwa hapo hapo, nje kuna lile shimo lenye sanamu za watu na minyororo shingoni, na pembeni kuna jumba ambalo chini yake mna vyumba viwili vya dari fupi. Mgeni anainama, anaingia, anakaa kwenye kile kibaraza cha mawe, nawe unamwambia hapa walifungiwa watumwa wakisubiri kuuzwa. Idadi? Kila msimulizi ana yake. Huyu atasema hamsini, yule sabini na tano, na mgeni akionekana mkarimu wa bakhshishi idadi inapanda.

Siku moja bibi mmoja wa makamo, baada ya kunisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na jumba hili lilijengwa lini?" Nikameza mate. Soko lilifungwa mwaka 1873. Jumba lile walilijenga wamisionari baada ya hapo, lilikuwa hospitali. Kwamba watu waliuzwa uwanjani pale halina shaka hata chembe, lakini mie nilikuwa namkalisha mgeni kwenye chumba ambacho siwezi kumthibitishia, na uwanja wenyewe, penye ukweli, tunapita mbio mbio kwa sababu hapana cha kupiga picha.

Kwa hivyo swali lako la mlango ni zuri, lakini langu mie ni nani atakayekuwa amesimama ndani ya mlango huo, na atasema nini. Kwenu nyinyi, waliofungiwa humo bado wapo. Sisi tunasimulia watu tusiowajua hata kwa majina. Basi wapelekeni chini wale wanaokubali kwenda, kila mtu aonyeshe chumba chake, aseme hapa nilisimama, maji yalifika hapa, na yaandikwe kama alivyoyasema, pasi na kutiwa chumvi. Msije mkaleta pingu ambazo hazikuwamo ili chumba kionekane kinatisha. Chumba kitupu kinatosha.

Na jambo moja jengine. Robben Island waliwafanya waliokuwa wafungwa ndio watembezaji. Watu wanaisifu sana. Mie kazi hii naijua. Kusimulia kitu mara tatu kwa siku, kila siku, kunakifanya kiwe wimbo. Mzee wako wa kitambaa, unataka asimulie mara tatu kwa siku? Arekodiwe mara moja, vizuri, akapumzike.

Bodaboda wa Mengo

Mimi ni Mganda, Kiswahili nilijifunzia Eastleigh nikiuza nguo, mkiona ngeli zimepinda mnisamehe.

Huku Kampala tunavyo vyumba vya Idi Amin ndani ya Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Ile kasri jeshi liliivamia mwaka 1966, Kabaka Mutesa akakimbilia ng'ambo, na baadaye wanajeshi wakakaa humo. Ukishuka kilima unakuta handaki la zege, kama gereji refu lisilo na mlango, na vyumba vimepangwa upande mmoja, sakafu yake juu kuliko ya njia. Wasimulizi wanaeleza kwamba njia ilijazwa maji yenye umeme ili mtu asiweze kutoka. Kutani kuna alama za viganja na maneno yaliyoandikwa kwa mkaa.

Nilikwenda mara ya kwanza na shule. Mara ya pili nilimpeleka abiria, Mjerumani, miaka kumi baadaye, na nilitafuta maneno niliyoyakumbuka upande wa kushoto sikuyaona vizuri. Hakuna aliyeyafuta. Ni mikono. Hakuna kioo wala kamba, kila mtu anataka kugusa, na mkaa ni mkaa. Hilo mlifikirie mapema, kabla ya mambo ya mlango.

La pili ni lugha. Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, lakini watu wengi huku walikuwa wanakijua kutoka kwa askari wa kwenye vizuizi: simama, toka, lala chini. Na enzi ya pili ya Rais Obote, baada ya Amin, ikaja "panda gari", yaani jeshi linazunguka mtaa na kusomba watu kwenye malori. Ukitaja "panda gari" mbele ya mzee wa Kampala hafikirii safari. Mama yangu mpaka leo nikipokea simu kwa Kiswahili anaamka anatoka nje. Hanigombezi. Anatoka tu, anarudi nikimaliza.

Kwa hiyo nauliza: Nyayo House wale makachero waliwasemesha watu lugha gani? Kiingereza? Kiswahili? Lugha ya nyumbani? Maneno yaandikwe ukutani kwa lugha ileile yaliyosemwa. Huku kwetu vibao vikiandikwa kwa Kiingereza ni kama aliyefanya hayo alikuwa Mwingereza.

Karani Mstaafu

Kijana wa picha, nimekuwa karani wa mawakili Nairobi miaka thelathini na sita, nikibeba faili kutoka ofisi hadi mahakama ya City Hall Way na kurudi. Umeandika vyema. Nina machache ya kuongeza na moja la kukupinga.

Kwa kuwa kazi yako ni pasipoti, nikusimulie ya pasipoti. Februari 1987 wakili Gibson Kamau Kuria aliiarifu serikali kwamba angeishtaki kwa mateso waliyofanyiwa wateja wake watatu waliokuwa kizuizini. Siku chache baadaye akakamatwa yeye, akawekwa kizuizini karibu mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka 1988 akapewa tuzo ya haki za binadamu ya Robert F. Kennedy kule Marekani, na hakuweza kwenda kuipokea, maana serikali ilikuwa imechukua pasipoti yake na ikakataa kuirudisha. Mwenziwe katika ofisi ya uwakili aliitwa Kiraitu Murungi. Vyumba vilipofunguliwa Februari 2003, Waziri wa Haki alikuwa nani? Kiraitu Murungi. Mtu aliyeyajua mambo haya kutoka kwenye faili zake mwenyewe, ameshika wizara husika, ahadi imetolewa hadharani. Na bado wewe leo unaonyesha lami. Kwa hivyo yule kijana aliyechoka simlaumu, ila asidhani tatizo ni kwamba hawakujua.

Mwezi huohuo wa Februari 1987 alikufa Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, akiwa mikononi mwa waliomshika. Jina lake liwe la kwanza kusomwa na atakayeshuka ngazi hizo.

La pili: kuta zisiguswe. Mtu wa Mengo amesema mikono, mimi nasema rangi. Serikali yetu ikitaka kuheshimu mahali, kwanza hupaka rangi. Vyumba vile vilikuwa vimepakwa nyeusi, na weusi huo ni ushahidi. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamua kesi ya watu 21 waliozuiliwa humo, ikasema haki zao zilikiukwa, ikaamuru walipwe. Ile haikuwa kesi ya mwisho, nyingi zilifuata. Kule Buenos Aires, jumba la maafisa katika ile shule ya wanamaji iitwayo ESMA liliachwa jinsi lilivyokutwa, bila kujengewa mifano ya vitanda wala minyororo, kwa sababu lilikuwa bado ushahidi katika kesi zilizokuwa zikiendelea. Mwaka 2023 UNESCO ikalitia kwenye orodha ya urithi wa dunia, kuta zake zikiwa na mikwaruzo yote. Kwetu fundi wa rangi angekuwa ameshalipwa mara mbili.

Sasa ninapokupinga. Mlango wa kando sitaki. Umesema mwenyewe jambo kubwa kuliko yote kisha ukalipita: kwamba katikati palikuwa na ofisi, karani anagonga muhuri. Nilikuwa naingia jengo lile kwa shughuli za kazi mwaka 1986. Nilipanda lifti zile. Nilisimama nikingoja, nikiwa na bahasha ya kaki kifuani, na kama kuna mtu alipitishwa chini ya miguu yangu siku hiyo, mimi nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Ukiweka mlango wa kando, atakayeuingia ni yule mwanafunzi wako na yule mgeni wako, ambao tayari wanajua. Foleni ya pasipoti itapita juu kama mimi nilivyopita. Nataka foleni ipite humo. Mtu akienda kuchukua pasipoti yake ashuke, apite ushoroba ule, apande upande wa pili, ndipo afike dirishani.

Halafu ukitoka, vuka Uhuru Highway. Central Park kuna ule mnara wa Nyayo wa mwaka 1988, mkono ulioshika rungu ukitokeza juu ya Mlima Kenya, ulijengwa kusherehekea miaka kumi ya utawala. Huo mnara haukungoja tume yoyote. Endelea mpaka Uhuru Park, Freedom Corner, ambako mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, na Machi 3 polisi walipowavamia baadhi yao wakavua nguo. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa huko mpaka mwaka uliofuata. Yote haya unayatembea kwa miguu ndani ya nusu saa, hata mimi na goti langu.

Mama Joyce, Joburg

Nasoma hii nikiwa zamu ya usiku, kwa hivyo fupi.

Hapa Johannesburg gereza la zamani, Old Fort na Number Four, limekuwa Constitution Hill, na Mahakama ya Katiba yenyewe imejengwa papo hapo, ilifunguliwa 2004. Sehemu walimowekwa mahabusu waliongoja kesi ilibomolewa na matofali yake yakatumiwa kujenga mahakama. Ukikaa ukumbini unayaona, hayakupigwa plasta. Minara minne ya ngazi ya lile jengo la mahabusu iliachwa imesimama peke yake kama mabomba ya moshi.

Mzee Karani angependa. Ofisi inafanya kazi, kumbukumbu iko katikati yake, hakuna anayeweza kujifanya haoni. Niliwakuta watoto wa shule wamekaa kwenye ukuta wa Number Four wanakula chipsi na kusukumana, mwalimu anawapigia kelele. Nilikasirika mara ya kwanza, siku hizi sikasiriki.

Lakini FundiPicha, kuna tofauti moja. Hapa waliokuwa wakifunga watu pale waliondoka, akaingia jaji. Kwenu atakayekuwa dirishani ni ofisi ileile. Kumlazimisha yule mzee apite ushoroba ule ndipo apate pasipoti? Hapana, Mzee Karani. Kwa hilo niko na mpiga picha. Milango miwili. Anayetaka ashuke, asiyetaka asishushwe. Walishashushwa.

Karani Mstaafu

Mama Joyce, kwa neno hilo la mwisho umenishinda. Naondoa ushoroba. Foleni ya juu iwekewe kioo sakafuni basi, hata kama ni cha ukubwa wa meza. Hilo siondoi.

FundiPicha

Nimechelewa kujibu, kanjo, askari wa jiji, walitufagia siku mbili.

Msimulizi, niliyasoma yako mara mbili. Kuanzia wiki hii mgeni akiniuliza viko wapi namwambia viko wapi, nanyamaza. Zamani nilikuwa naongeza. Nilikuwa nasema vyumba ishirini, sijui nilizitoa wapi.

Mtu wa Mengo, sijui jibu la lugha. Nitauliza.

Sasa sikilizeni. Yule mzee amerudi. Pasipoti ameipata, Embu, kwa hivyo sasa anataka picha za viza, ambazo vipimo vyake ni tofauti. Safari hii kitambaa nilikitundika ukutani kabla hajaketi. Akakiona, akatabasamu kidogo, akaketi mwenyewe. Alifumbua macho mara ya kwanza.

Printa ilikuwa inajivuta, na sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, mzee, kuna mahali nimeandika kuhusu jengo hili, sijakutaja jina, jina lako hata silijui. Nikampa simu. Akavaa miwani. Alisoma polepole, pale kwa Karani alikaa muda mrefu, kwenye "chakula cha mchana" akatoa sauti, sijui ilikuwa kicheko au nini. Watu wawili wakaja wakataka picha nikawaambia wangojee.

Akanirudishia simu. Nikamuuliza basi, mzee, wewe ungetaka mlango wa wapi. Kando au mbele?

Akasema popote, mradi uwe na kishikio upande wa ndani.

Nikasema sawa. Nikakata picha zake, nikazitia kwenye bahasha, akalipa. Nilikataa akalazimisha. Wale wawili wakaketi. Mmoja alikuwa na hereni kubwa, nikamwambia azitoe.